NZE limejampiwa vibaya Mambrui: taa ya betri haizimi, tundu la chaji limekufa. Nianze na fyuzi gani?

MkaziWaMambrui

Assalaam aleikum wadau. Gari ni Toyota Corolla NZE la petroli, gia otomatiki, betri NS60 yenye miaka mitatu. Taa ya ndani ililala ikiwaka usiku kucha. Asubuhi ukigeuza ufunguo ni tik-tik-tik tu na taa za dashibodi zinafifia.

Jirani akaleta pikapu yake tukaunganisha nyaya za jampa mbio mbio, na vibano vikapishana: plasi ya huku ikaenda mainasi ya kule. Ikaruka cheche kubwa, tukatoa papo hapo. Tulipovigeuza vibano, gari likashika.

Tangu hapo taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi haizimi hata injini ikinguruma, na tundu la kuchajia simu halina umeme. Vingine vyote viko sawa: honi, indiketa, wipa, taa kubwa.

Kuna ushauri nimepewa hapa kijijini kwamba nikunje karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara niizungushie fyuzi iliyokatika, au nitie ya 30 pahali pa 15 ili isikatike tena. Sijafanya lolote. Mita ninayo, ile ndogo ya njano. Naomba mnieleze nianzie wapi, na kujampu kwenyewe kunafanywaje ili tusirudie makosa.

---

FundiUmeme_Barani

Wa aleikum salaam ndugu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kugusa.

Karatasi ya sigara iache kabisa. Fyuzi ni sehemu iliyofanywa dhaifu kwa makusudi, ikatike yenyewe kabla waya haujaungua. Fyuzi ya 15 ukiipitishia ampea 30 haimalizi sekunde 5. Karatasi ya fedha haina namba: itapitisha 30, itapitisha 50, na ule waya mwembamba ulio nyuma ya dashibodi ndio utakaogeuka fyuzi. Tena waya haukatiki ndani ya kisanduku cha plastiki. Unaungua urefu wake wote, chini ya zulia na ndani ya sponji, pahali usipoweza kufika na mchanga wala maji. Kutia 30 badala ya 15 ni jambo lile lile. Namba ya fyuzi imepangwa kufuata unene wa waya, haikupangwa kufuata ukubwa wa kitu unachochomeka.

Tuje kwenye taa ya betri. Usibadilishe kitu hata kimoja kabla ya kupima. Weka mita kwenye DC 20, upande wa volti.

Kipimo cha kwanza, injini imezimwa na gari limepumzika saa moja au zaidi. Betri iliyojaa husoma 12.6. Ikisoma 12.4 ina robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 imebaki robo. Ukiona kama 10.5 hata baada ya kuchajiwa, basi chumba kimoja kati ya vile sita kimekufa, maana kila chumba hutoa volti 2.1, na hapo hakuna jampa wala chaja itakayoirudisha.

Kipimo cha pili, injini inawaka. Tarajia kati ya 13.8 na 14.7. Hapa ndipo njia zinapoachana:

Ukipata 14 na kitu na taa bado nyekundu, alteneta, ile mashine inayozalisha umeme injini ikiwaka, inachaji. Toyota nyingi zina fyuzi ndogo iliyoandikwa ALT-S, ya 5 au 7.5, kwenye kisanduku cha chini ya boneti. Kazi yake ni kupeleka volti ya betri kwa regyuleta iliyo ndani ya alteneta, ili ijue kupandisha au kupunguza. Fyuzi hiyo ikikatika, regyuleta inakosa habari, inawasha taa ya betri na kuendelea kuchaji kwa kukadiria. Watu wengi wameuziwa alteneta nzima kwa sababu ya fyuzi hii, na inauma kwa sababu kuipima ni dakika moja.

Ukipata 12 na inazidi kushuka, alteneta haichaji kabisa. Zima injini. Nyuma ya alteneta kuna nati kubwa yenye kofia ya mpira. Gusa nati hiyo kwa ncha nyekundu ya mita, ncha nyeusi kwenye mainasi ya betri. Ikisoma sawa na betri, fyuzi kubwa iitwayo ALT ni nzima na ugonjwa uko ndani ya alteneta, daiodi au regyuleta, au kwenye fyuzi na waya vinavyoiwasha. Ikisoma sifuri, fyuzi ya ALT yenyewe, ya 100 au zaidi, imekatika. Angalia mkono: nati ile ina umeme wa betri wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Spana ikigusa nati na bodi ya injini kwa pamoja, utaona moto.

Kwa nini nimekimbilia alteneta? Kwa sababu ndiyo inayoumia kwanza vibano vikipishana. Ndani yake mna daiodi, milango inayopitisha umeme upande mmoja tu. Ukigeuza plasi na mainasi, milango yote inafunguka kwa pamoja na betri nzima ya jirani inapiga shoti kupitia humo. Ile cheche mliyoiona ni mamia ya ampea. Fyuzi kubwa ikiwahi kukatika, alteneta inapona. Isipowahi, daiodi zinaungua. Kwa hiyo hata ukikuta 14, usione imekwisha: pima na mawimbi, yaani umeme wa AC unaopenya kutoka alteneta. Weka mita kwenye AC, injini inawaka, taa kubwa zinawaka, gusa nguzo mbili za betri. Ikizidi nusu volti, kuna daiodi imeungua. Ila baadhi ya mita ndogo za njano husema uongo hapa, upande wa AC zinasoma 25 na zaidi kwenye betri isiyo na tatizo lolote kwa kuwa hazitengi umeme wa DC. Yako ikifanya hivyo usiiamini, tafuta mita bora kwa fundi yeyote.

Tundu la chaji ni fyuzi nyingine, CIG au ACC, mara nyingi ya 15 rangi ya buluu, kwenye kisanduku cha chini ya usukani karibu na goti la dereva. Kabla hujatia mpya, mulika tochi ndani ya tundu. Sarafu ya shilingi, au ile ncha ya chuma iliyodondoka kutoka kwenye chaja, ikilala kati ya kitako na ukingo, kila fyuzi utakayotia itakatika.

Kupima fyuzi si lazima uing'oe. Juu ya kila fyuzi ya bapa kuna vijicho viwili vya chuma. Fungua swichi, ncha nyeusi ya mita kwenye bodi, nyekundu gusa kijicho kimoja kisha cha pili. Umeme pande zote mbili, ni nzima. Upande mmoja tu, imekatika. Pande zote hakuna, shida iko kabla ya fyuzi, kwenye swichi au rilei (swichi inayoendeshwa na umeme). Njia hii naiamini kuliko macho, kwa sababu kuna fyuzi inayopasuka ufa mwembamba kama unywele pale kiwaya cha ndani kinapoingia kwenye mguu, na ukiitazama juani unaapa ni nzima.

Rangi za fyuzi ndogo za bapa: 5 ni rangi ya mchanga, 7.5 kahawia, 10 nyekundu, 15 buluu, 20 njano, 25 nyeupe ya kioo, 30 kijani, 40 ya machungwa. Lakini soma namba kila mara. Kwenye zile fyuzi kubwa za bapa, nyekundu ni 50 na buluu ni 60, kwa hivyo rangi peke yake itakupoteza.

Kung'oa, zima swichi kwanza, tumia kibano cha plastiki kilichofichwa ndani ya kifuniko cha kisanduku. Koleo la chuma linapasua plastiki au linagusa jirani yake. Mpya ikikatika tena mara moja, usitie ya tatu. Kuna shoti, itafutwe.

---

BintiFundi_Maweni

Kaka wa Barani amemaliza upande wa fyuzi, mimi nieleze kujampu, maana makosa mengi huanzia pale.

Kabla ya nyaya, tazama betri yenyewe. Ikiwa imevimba mbavu, imepasuka, inavuja, au inatoa harufu ya yai viza, usiijampu. Betri ikiwa inachaji au ilikuwa ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo inahitaji kufika asilimia 4 tu katika hewa kushika moto. Chini ya boneti asubuhi isiyo na upepo, asilimia 4 juu ya vifuniko vya betri ni jambo dogo sana. Betri ikilipuka haitoi moto tu, inarusha asidi usoni. Kwa hiyo sigara mbali, uso usiwe juu ya betri, na miwani yoyote ni bora kuliko kukosa. Asidi ikiingia jichoni, maji safi yanayotiririka kwa robo saa au zaidi, kisha hospitali hata kama maumivu yamepoa.

Pili, hakikisha plasi ni plasi. Usitazame rangi ya waya wa gari, kwa sababu magari mengi huku yameshapitia mikono mingi na waya mweusi ukawekwa pahali pa mwekundu. Wala usitazame upande, kwani betri za saizi moja hutengenezwa zenye plasi kushoto na zenye plasi kulia, ndiyo maana ya ile herufi R au L kwenye jina. Futa vumbi, tafuta alama ya + na − zilizochongwa kwenye plastiki. Nguzo ya plasi pia huwa nene kidogo kuliko ya mainasi. Ukiwa na mita hiyo ya njano, gusisha: ikionyesha alama ya kutoa mbele ya namba, umegeuza.

Magari yasigusane. Yote mawili yazimwe, funguo zitolewe, hendibreki juu, gia P, au isiyo na gia kwa la manyuo (gia za mkono). Chomoa chaja ya simu, zima redio, taa na feni. Kisha nyaya kwa mpangilio huu, na usiubadilishe:

Mwekundu, kwanza plasi ya betri iliyokufa.
Mwekundu, upande wa pili, plasi ya betri nzima.
Mweusi, mainasi ya betri nzima.
Mweusi, upande wa mwisho, kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri.

Hicho kibano cha mwisho ndicho wengi wanakipeleka kwenye mainasi ya betri iliyokufa kwa sababu "inafanya kazi". Inafanya kazi, ndiyo. Lakini kibano cha mwisho ndicho kinachofunga njia ya umeme, na njia ikifungwa cheche lazima iruke. Ukikifunga juu ya betri, umeiwasha cheche pale pale gesi inapotokea. Ukikifunga kwenye ndoano ya chuma ya kunyanyulia injini, au kwenye boliti nene ya kichwa cha injini, cheche inaruka nusu mita au zaidi kutoka kwenye gesi. Chuma kisiwe na rangi wala kutu, kisiwe karibu na bomba la petroli, feni au mkanda. Zungusha kibano huku na huku mpaka meno yake yaume.

Washa gari zima, liache lingurume dakika 3 hadi 5. Umeme unaoingia wakati huo unaipa betri iliyolala chaji kidogo ya juu juu, na stata, mota inayozungusha injini, haitavuta umeme wake wote kupitia nyaya. Kisha piga stata ya lile lililokufa kwa sekunde zisizozidi 10. Likikataa, subiri dakika nzima kabla ya kurudia, stata ipoe. Likikataa mara nne, acha. Hapo si betri tu.

Likiwaka, usikimbilie kutoa nyaya. Washa feni ya hewa kwenye gari lililokuwa limekufa, ili volti ikiruka wakati wa kutoa ipate pa kumwagikia. Toa kwa kurudi nyuma: mweusi wa kwenye injini, mweusi wa betri nzima, mwekundu wa betri nzima, mwekundu wa mwisho. Vibano visigusane vikiwa mkononi.

Neno kuhusu nyaya zenyewe. Zile nyembamba zilizoandikwa ampea 500 kwenye mfuko, zikunje: zikikunjika kirahisi na ngozi yake ni nene kuliko chuma chake, hazifai. Chukua waya wa shaba wa milimita 16 za mraba, urefu wa mita 3. Stata ikivuta ampea 150, njia ya kwenda na kurudi inapoteza kama volti 1. Waya wa milimita 6 za mraba kwa urefu huo huo unapoteza volti 2.6, na ukiwa alumini iliyopakwa shaba ni mbaya zaidi. Unaanza na 12.6, stata inafikiwa na 9 na kitu ikiwa imebahatika, wala haigeuki. Halafu watu wanasema betri ya jirani ni mbovu. Injini ya dizeli itafutiwe waya wa 25.

Na kuna desturi moja naichukia: kulegeza mainasi ya betri injini ikiwa inawaka ili "kupima alteneta". Betri ndiyo inayomeza mawimbi ya alteneta. Ukiitoa ghafla, volti inapanda kwa makumi kabla regyuleta haijawahi kushusha, na kompyuta ya injini ndiyo inayopigwa. Mita hutoa jibu lile lile bila hasara.

---

Tuktuk_KisumuNdogo

Shukran kwa maelezo. Je, tuktuk inaweza kujampiwa na gari? Na zile lori za chumvi zinazotoka Gongoni, dereva akisimama kukusaidia njiani, betri yake si ndiyo kubwa zaidi?

---

FundiUmeme_Barani

Ukubwa wa betri si hatari. Gari dogo lenye betri ya 12 likijampiwa na pikapu yenye betri ya 12 ya N70, saizi kubwa kuliko NS60, stata huchukua ampea inazohitaji tu. Hatari ni volti. Lori nyingi zina betri mbili za 12 zilizofungwa kwa mfuatano, jumla 24. Ukiunganisha 24 kwenye gari la 12, balbu zinapasuka, kompyuta inaungua, na betri yako inachemka. Nimejua unachotaka kusema, kwamba mtu achukue betri moja tu kati ya zile mbili. Kibano kikiteleza kwenda nguzo ya pili tayari ni 24, na usiku barabarani hakuna anayeweza kuapa ipi imefungwa na bodi. Mshukuru dereva, mwombe akusogeze gari pembeni, usubiri gari dogo.

Tuktuk nyingi ni volti 12, kwa hiyo inakubali, ila gari linalotoa umeme libaki limezimwa. Betri ya gari peke yake inatosha. Injini ya gari ikinguruma, alteneta yake itasukuma 14 na zaidi kwenye betri ndogo iliyokufa na kuipasha moto. Nyaya ziondoe mara tu tuktuk ikishika.

Na gari la haibridi, linaloendeshwa na petroli pamoja na umeme, kama Toyota Aqua, lisitumike kumjampu mwingine. Lenyewe likifa betri yake ndogo ya 12 linaweza kupokea, kwenye sehemu iliyoonyeshwa kwenye kitabu chake, lakini kigeuza umeme chake hakikutengenezwa kulisha stata ya mwenzake. Nyaya za rangi ya machungwa usiziguse kabisa.

Kusukuma je? Otomatiki haisukumwi ikawaka. La manyuo linaweza, gia ya pili, lakini betri ikiwa imekufa kabisa hata pampu ya petroli haizunguki, mtachoka bure.

---

Mvuvi_wa_Silversand

Naongeza jambo la pwani yetu, kwa sababu nyinyi mlio ndani ya mji hamlioni sana kama sisi wa ufuoni. Miezi ya kusi upepo unaleta chumvi mpaka ndani ya boneti. Chumvi na unyevu vinaumba ukoga wa kijani kwenye shaba na unga mweupe kwenye vichwa vya betri. Gari linaonekana lina betri mbovu, kumbe betri ni nzima na umeme haupiti.

Kipimo chake: mwenzako apige stata, wewe ncha moja ya mita iwe juu ya nguzo yenyewe ya risasi, ncha ya pili juu ya kichwa cha chuma kilichoivaa. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kichwa kina uchafu ndani. Rudia upande wa mainasi, kisha kati ya mainasi ya betri na bodi ya injini, maana waya wa ethi, ule wa mainasi uendao kwenye bodi, huoza pale unapofungwa kwenye chasisi, pahali pasipoonekana.

Kusafisha: spana namba 10, legeza mainasi kwanza, ndipo plasi. Ukianza na plasi na spana ikagusa bodi, unapiga shoti ya betri nzima, kwa sababu bodi yote bado ni mainasi. Magadi kijiko kimoja kikubwa katika kikombe cha maji ya moto, mwagia polepole, yatatoa povu. Povu likikoma asidi imekwisha. Yasiingie ndani ya vifuniko vya betri. Suuza kwa maji ya kawaida, kausha, sugua nguzo na ndani ya kichwa kwa msasa mpaka risasi ing'ae. Rudisha plasi kwanza, mainasi mwisho, kaza mpaka kichwa kisizunguke kwa mkono, na ndipo upake mafuta ya mgando juu. Mafuta yapakwe baada ya kukaza, yakipakwa kabla yanakaa katikati.

Fyuzi nazo zinashikwa na ukoga huo huo kwenye miguu. Mguu wenye ukoga unapata joto, plastiki ya kisanduku inalainika na kuwa ya kahawia, na fyuzi yenyewe haijakatika. Ukikuta tundu limebadilika rangi, kutia fyuzi mpya hakusaidii, ule mdomo wa chuma ulio ndani umelegea na lazima ubadilishwe.

---

MkaziWaMambrui

Nimerudi na vipimo. Asubuhi kabla ya kuwasha: 12.1. Injini inawaka: 14.4. Taa ya betri bado nyekundu. Nikaenda ALT-S, kijicho kimoja kina umeme, cha pili hakina. Ni ya 5, nimetia ya 5, taa imezima. Mawimbi ya AC nimepimiwa na fundi kwa mita yake, 0.06 taa kubwa zikiwaka.

Fyuzi ya CIG ilikatika pia, ya 15. Tundu nimelimulika, hamna sarafu. Nimetia mpya, ikakaa. Nilipochomeka chaja ya simu ikakatika tena.

Vichwa vya betri vilikuwa na unga mweupe upande wa plasi, nimesafisha kwa magadi. Kinachonisumbua ni hiyo 12.1. Jana niliendesha kutoka Mambrui hadi Malindi mjini na kurudi, kwa nini betri haijajaa?

---

BintiFundi_Maweni

Hongera kaka, alteneta yako imepona. Chaja ya simu itupe, imepiga shoti ndani, huenda ile cheche ndiyo iliyoimaliza ikiwa ilikuwa imechomekwa. Fyuzi imefanya kazi yake mara mbili. Tia nyingine ya 15 na ujaribu kwa chaja tofauti.

Kuhusu 12.1: NS60 ni ampea-saa 45 hivi. Iliposhindwa kupiga stata ilikuwa imebakiwa na kidogo sana, na iliyolala kabisa inahitaji kurudishiwa 35 au 40. Alteneta haiimiminii yote kwa mkupuo. Betri hukubali umeme mwingi mwanzo, kisha inazidi kukataa kadiri inavyojaa. Safari fupi kama yako, kuvuka Sabaki na kurudi, huiongezea sehemu tu. Mpelekee anayechaji betri, umwambie achaji taratibu, ampea 4 au 5, kutwa nzima, asiiwekee chaji ya haraka ya saa moja. Chaji ya haraka inapasha sahani joto na kuiongezea uzee. Usiiache ikikaa na 12.1 kwa wiki, kwani sahani zinajenga fuwele ngumu za salfeti ambazo baadaye hakuna chaja inayoziyeyusha.

Ikirudi imejaa, iache ipumzike usiku mmoja ikiwa nje ya gari. Asubuhi ikisoma 12.5 au zaidi, betri inashika. Ikisoma 12.2, inavuja yenyewe ndani na miaka mitatu kwenye joto letu imeichosha. Ikishika nje lakini ikashuka ndani ya gari, kuna kitu kinanyonya. Pima hivi: zima kila kitu, funga milango, toa kichwa cha mainasi, weka mita kwenye tundu la ampea 10, uitie katikati ya kichwa na nguzo. Usipige stata wala kufungua swichi mita ikiwa pale, utaunguza mita. Subiri nusu saa kompyuta za gari zilale. Ikisoma chini ya 0.05 ni kawaida. Ikisoma 0.4, hiyo ni balbu moja ya ndani ya wati 5, inakula karibu ampea-saa 10 kila siku. Basi chomoa fyuzi moja moja huku mwenzako akitazama mita. Ile itakayoishusha namba ndiyo laini yenye mnyonyaji. Anza na laini ya alamu na redio, na usisahau taa ya buti, swichi yake huwa inakwama kwa chumvi na huioni ikiwaka ukishafunga.

---

MkaziWaMambrui

Taa ya buti! Nimeweka simu ndani inarekodi video, nikafunga. Inawaka. Swichi nimeipuliza na kuisugua, sasa inazima. Betri inakwenda kuchajiwa kesho asubuhi, nitaandika namba hapa ikisharudi na kulala usiku mmoja.